Kupunguza Mwili na Kuuzuia Usirudi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayeishi Unguja au Pemba, anayekula chakula cha nyumbani, na anayetaka kupunguza mwili kwa njia atakayoweza kuendelea nayo mwaka huu na miaka itakayofuata. Hayachukui nafasi ya daktari. Mjamzito, mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye maradhi ya moyo au ya figo, na yeyote aliyepungua bila ya kukusudia, aanzie hospitali kwanza.

Nitajuaje kama kweli nahitaji kupungua?

Kipimo kinachotumika zaidi hospitali ni uzito wa kilo uliogawiwa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80 hupata 31.25. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 kuwa uzito uliozidi, na 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia. Kipimo hiki hakiwezi kutofautisha misuli na mafuta, wala hakisemi mafuta yamekaa wapi, kwa hiyo kiongezewe cha pili: chukua futi ya fundi cherehani, izungushe tumboni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kama kawaida, kisha usome. Kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamme, hatari ya kisukari na ya maradhi ya moyo huwa imeanza kupanda. Ikifika 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamme, imepanda sana.

Mimi naithamini zaidi futi kuliko mizani, kwa sababu moja inayotuhusu hasa sisi. Kanzu, dera na buibui ni nguo pana ambazo hazibani pale tumbo linapoongezeka, na mtu anaweza kunenepa miaka mitatu mfululizo bila ya nguo yake kumwambia lolote.

Kwa nini nilipungua kilo kumi, kisha zikarudi zote?

Kwa sababu mwili unapopungua hudhani umeingiwa na njaa, na hujitetea. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo sana kwa muda wa wiki kumi. Mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa na za shibe zilikuwa hazijarudi mahali pake, na wenyewe walikuwa wakihisi njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka 2016 wenzao wa Marekani waliwapima watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baada ya shindano kwisha, wakakuta kwamba miili yao ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Haya ni maumbile. Aliyerudi alikotoka asijione mvivu wala asiyekuwa na azma, na watu wa nyumbani wasimsimange.

Kutokana na hayo, swali la kujiuliza kabla ya kuanza mpango wowote ni hili: je, nitaweza kuufanya Ramadhani ijayo, na msimu wa harusi, na wiki ya mvua za masika? Aliyepungua kwa tango na maji ya ndimu hana pa kwenda siku anaporudi kwenye wali, kwa kuwa muda wote ule hakujifunza kula wali. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kilo moja ndiyo mwisho wa kutamani. Wala si lazima ufike uzito uliokuwa nao ulipooa au ulipoolewa. Kupunguza sehemu 5 hadi 10 kwa mia ya uzito, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa mtu wa kilo 90, kunatosha kushusha presha na sukari kwa watu wengi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, waliopewa lengo la kupunguza sehemu 7 kwa mia na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki walipata kisukari kwa kiasi kilicho chini kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Je, lazima niache wali wa nazi?

Hapana, na atakayekwambia uache hajui nyumba zetu zinavyokula. Linalohitajika ni kuiangalia nazi inavyotumika, kuanzia kwenye mbuzi hadi kwenye chungu.

Nyama ya nazi moja ya wastani iliyokomaa ina takriban kalori 1,400, na nyingi kati ya hizo ni za mafuta. Ikishakunwa na kukamuliwa, sehemu kubwa ya mafuta hayo huhamia kwenye tui, na machicha hubaki na kilichosalia. Kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, ndilo lililobeba mafuta mengi. Mkamuo wa pili na wa tatu hutoa tui jepesi lenye ladha ya nazi na mafuta machache. Sasa hesabu mlo mmoja wa mchana wa watu sita: nazi mbili kwenye wali, moja kwenye mchuzi wa samaki, na moja kwenye mbaazi au kisamvu. Hizo ni nazi nne kwa mlo mmoja, kabla ya kutaja mafuta yaliyokaangia vitunguu. Anayekula pale hana habari, kwa sababu sahani yake haikujaa kuliko ya jirani.

Utaratibu ninaoupendekeza, na ambao nimeuona ukidumu katika nyumba nyingi, ni kuipa nazi chungu kimoja kwa kila mlo. Ukipika wali wa nazi, samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi wa ukwaju na nyanya, na mchicha upikwe kwa kitunguu na mafuta kidogo. Ukitaka mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe, na mchuzi wenyewe ndio utakaoukolezea. Kwenye wali wa nazi, maji ya kupikia yawe tui la pili, na kasimile vijiko viwili vitiwe mwishoni unapokaribia kuupalia moto, ili harufu ibaki juu. Wali utaliwa na watu wote, watoto na wazee, bila ya kupikwa chungu cha mgonjwa pembeni. Jambo hili la mwisho ni kubwa. Mpango wowote unaomtaka mmoja apikiwe peke yake humchosha mpishi kabla ya kumchosha mlaji.

Nyumbani tunakula sinia moja. Nitapimaje chakula changu?

Kipime kabla hakijapikwa. Nyumba nyingi hupika kilo moja ya mchele kwa watu wazima sita, na kilo hiyo ina takriban kalori 3,600, yaani 600 kwa kila mmoja, nazi na kitoweo havijaingia. Shukeni taratibu: robo tatu kilo kwa mwezi mmoja, kisha kati ya nusu kilo na gramu 600, na pengo lizibwe kwa mboga, kachumbari na kunde, ili sinia lisionekane tupu. Mkishusha ghafla, kutakuwa na ukoko uliokwanguliwa usiku na boflo lililonunuliwa kwa siri.

Kwenye sinia lenyewe, anza na mboga na samaki aliye upande wako, kisha ndiyo uguse wali, na ule taratibu, kwa sababu habari ya shibe huchukua kiasi cha dakika ishirini kufika kwenye ubongo. Wengi wetu tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Mafunzo hayo yanatosha kuwa kipimo kwa asiyetaka kuhesabu kalori. Mkubwa wa nyumba akikuhimiza, «Kula, mbona umeacha mapema?», jibu kwa adabu kwamba umeshiba, alhamdulillahi, na ubaki umekaa hadi wengine wamalize. Kuondoka mapema ndiko kunakoonekana dharau.

Sukari ya chai ina athari kiasi hicho?

Ndiyo, kwa kuwa hurudiwa kila siku. Kijiko kidogo cha sukari ni takriban gramu 4. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hufikia gramu 48, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri, kwa mtu wa kalori 2,000, sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kutoka vyakula vyote, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Huyo amemaliza fungu lake kabla ya kugusa andazi, kaimati, juisi au soda. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea, na iliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai, vitu ambavyo kisiwa hiki hakikosi, hufanya chai iwe na ladha bila ya utamu mwingi. Kahawa chungu ya barazani haina tatizo. Ni kashata na halua za pembeni yake zinazohesabiwa.

Chakula cha kupunguza mwili si ghali?

Ni ghali ukienda kukinunua kwenye maduka ya wageni, kwenye shayiri za makopo na mbegu za kutoka Amerika. Marikiti ya Darajani au ya Chake Chake ina vyote unavyohitaji. Dagaa, kibua na pweza vina protini nyingi, na protini ndiyo inayokaa tumboni na kulinda misuli wakati mwili unapungua. Choroko, kunde, fiwi na mbaazi hushibisha kwa bei ndogo. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia na majani ya mronge hupatikana karibu mwaka mzima, na lengo la gramu 400 za mboga na matunda kwa siku hufikiwa kwa fungu moja la mchicha na machungwa mawili. Shelisheli la kuchemsha, muhogo na kiazi kitamu si adui. Vinakuwa vizito vinapokaangwa au vinapozama kwenye kasimile. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na karai la mihogo ya kukaanga hunywa mafuta mengi sana.

Urojo nauweka peke yake kwa sababu nimeulizwa mno. Mchuzi wake wa embe na ndimu si mzito. Uzito umo katika bajia, kachori, chipsi za muhogo na mishikaki inayotumbukizwa humo. Bakuli moja Ijumaa, linaloliwa kama mlo na si kama kionjo cha kabla ya mlo, halivunji mpango wa mtu.

Nafunga mwezi mzima, mbona Ramadhani hunenepa?

Swali hili huja kila mwaka, na jibu lake limo kati ya Magharibi na daku. Tunafungua kwa tende na uji, halafu futari ya mihogo, ndizi au majimbi ya nazi, tambi za sukari, sambusa, bajia na kaimati, kisha baada ya tarawehe kuna wali au chapati, na daku juu yake. Milo mitatu huliwa ndani ya saa kumi, miwili kati yake ikiwa ya sherehe, na mchana mtu hupunguza mwendo kwa kuhofia kiu.

Panga hivi. Fungua kwa tende tatu na maji, swali Magharibi, ndipo urudi kwenye futari; muda ule mfupi wa sala hupunguza pupa. Katika futari pawe na kitu kimoja tu cha nazi na kimoja tu cha kukaanga, na tambi na kaimati vipokezane, siku moja hiki na siku nyingine kile. Futari hiyo iwe ndiyo chakula cha usiku, na baada ya tarawehe kunywa maji na ule tunda. Daku lichelewe karibu na alfajiri, na liwe la kudumu tumboni: kunde, mayai, samaki, muhogo wa kuchemsha, mtindi. Mwendo wa kwenda msikitini kwa miguu usiuache, na kama una nguvu, tembea polepole nusu saa kabla ya Magharibi, wakati maji yanakaribia.

Katika mwezi huu lengo lisiwe kupungua. Ukiutoka na uzito ulioingia nao, umefanya vizuri, na nguvu nyingine zibaki kwa ibada. Mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini au vidonge kama glibenklamidi azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dozi huhitaji kubadilishwa na sukari inaweza kushuka ghafla mchana.

Na wanaouliza kuhusu saumu za Jumatatu na Alkhamis, kanuni ni ileile. Nia ni ya mtu na Mola wake. Kwa upande wa mwili, saumu hupunguza ikiwa chakula cha kufungulia ni cha kawaida.

Nifanye mazoezi kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba kaswida, pamoja na kazi za kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Hizo dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano.

Watu wengi huyategemea mazoezi yafanye kazi ya chakula, na hapo ndipo wanapovunjika moyo. Mtu wa kilo 80 anayetembea kwa haraka nusu saa huunguza kiasi cha kalori 140, ambazo hazizidi sana kile kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Kupungua, basi, kwanza ni kazi ya jikoni. Lakini kubaki ulikofikia ni kazi ya miguu. Marekani lipo daftari la watafiti, lililoanzishwa mwaka 1994, la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi, na jambo wanalolitaja wengi wao ni kujishughulisha kiasi cha saa moja kila siku, zaidi kwa kutembea.

Si lazima yawe mazoezi ya uwanjani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alionyesha kwamba makonda wa mabasi ya ghorofa, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Baadaye alitazama vipimo vya suruali zao za kazi, akakuta viuno vya madereva ni vipana zaidi. Kampuni ilikuwa moja na barabara zilikuwa zilezile. Basi shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako. Mwenyeji wa Pemba ana bahati ya milima: kupanda mteremko mmoja wa Chake Chake au Mkoani mara tatu kwa siku ni zoezi kamili la moyo na mapaja. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kwa hiyo anayefika 7,000 asijione ameshindwa.

Kwa misuli, baraza ya nje ya nyumba inatosha. Iegemee kwa mikono, mwili umenyooka, ushuke na upande mara kumi. Kisha ikalie na uinuke bila ya kushika kitu mara kumi na tano. Kisha panda juu yake mguu mmoja mmoja. Rudia duru tatu. Mwenye maumivu ya magoti aanze na kukaa na kuinuka tu, na atembee kwenye mchanga mgumu wa pwani maji yakipwa, si kwenye mchanga laini wa juu.

Vikundi vya mazoezi viko vingi mjini na mashamba, na kila tarehe 1 Januari hukusanyika katika siku ya mazoezi ya viungo ya Zanzibar. Kikundi kina faida moja ambayo mtu peke yake haipati: usipotokea, mtu atakuuliza.

Mimi ni mwanamke na sipendi kukimbia njiani watu wakinitazama. Nifanyeje?

Usikimbie. Kutembea kwa haraka baada ya sala ya Alfajiri, wanawake watatu au wanne wa mtaa mmoja, kunafaa vilevile, na buibui jepesi juu ya suruali haliwazuii. Vaeni viatu vya kufunga badala ya ndara, kwa kuwa ndara huumiza kisigino na wengi huacha kwa maumivu hayo wakidhani mazoezi hayawafai. Nyumbani, kupanda ngazi, duru za baraza nilizozitaja zikafanywa kwenye kiti kizito ndani ya ua, au kucheza taarabu yenye mwendo dakika ishirini milango imefungwa, yote yanahesabika. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, anayeinama na kubeba magunia mabichi nyakati za bamvua, tayari ana kazi nzito. Yeye ashughulike na chakula na kupumzika, asijiongezee mbio.

Je, nianze mara tu baada ya kujifungua?

Siku za arubaini ni za kupona na kunyonyesha, na mwili wa mama anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi ya kawaida, kwa hiyo usijinyime. Ila uji wa pilipili manga ulioongezwa sukari na samli mara nyingi kwa siku, huku mama akiwa hatoki kitandani, huacha kilo ambazo hubaki hadi mimba nyingine. Waombe bibi na makungwi, kwa heshima, supu ya kuku au samaki na mboga viongezwe, na sukari ipungue. Kufungwa tumbo kwa kanga humsaidia mama kujisikia imara, lakini hakuyeyushi mafuta. Tembea ndani ya nyumba mapema, na ukishapimwa baada ya wiki sita, aliyezaa kwa upasuaji akiruhusiwa na daktari, anza matembezi ya nje.

Chai za kupunguza tumbo, sanamaki na sindano zinafaa?

Sanamaki na chai nyingi za aina hiyo huharisha. Kilichopungua kwenye mizani ni maji na choo, ambavyo hurudi ndani ya siku mbili, na anayeendelea kuzinywa hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Mikanda ya kutoa jasho hutoa jasho. Hakuna zoezi wala kipodozi kinachochagua kuondoa mafuta ya tumbo peke yake. Tumbo hupungua mwili mzima unapopungua.

Sindano za semaglutidi ni dawa ya kweli, na huwapunguza watu wengi, lakini ni za daktari na za kufuatiliwa. Utafiti uliowafuatilia walioziacha ulikuta kwamba mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia. Usinunue sindano kwa mtu wa mtandaoni, hata akiwa jamaa.

Nimeanza kupungua, na watu wanasema naumwa.

Hili limewarudisha nyuma watu wengi kuliko njaa. Kwetu unene bado husomwa kama dalili ya neema na ya mume anayetunza, na aliyepungua huulizwa barazani kama ana maradhi au ana dhiki nyumbani. Jibu moja fupi linatosha: «Daktari kanishauri nishushe presha.» Hakuna anayebishana nalo. Wa nyumbani, lakini, waambie ukweli wote mapema, hasa mama na anayepika, kwa sababu akidhani umekikataa chakula chake atakuongezea samli. Na kama unapungua bila ya kubadilisha chochote, ukiwa na kiu, homa, kikohozi au kukojoa sana, wanaouliza wana haki, na uende ukapimwe.

Nipime uzito mara ngapi, na nifanye nini ukisimama?

Pima mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ileile na kwa nguo nyepesi. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji tu: chumvi ya jana, siku za hedhi, safari ndefu. Usipime kila siku ikiwa namba inakuharibia siku. Uzito ukisimama wiki nne na futi nayo haijasogea, mara nyingi mikono imelegea jikoni bila ya kujua. Rudi kwenye kipimo cha mchele, nazi na mafuta kwa wiki moja kabla ya kujilaumu au kujinyima mlo. Angalia na usingizi pia. Anayelala saa tano kwa sababu ya simu au baraza za usiku huamka na njaa, na njaa hiyo hutaka sukari.

Itachukua muda gani mpaka mambo haya yawe mazoea?

Watafiti wa chuo kimoja kikuu cha London waliwafuatilia watu 96 waliojiwekea jambo moja jipya la kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 jambo lijifanye lenyewe, lakini kwa mwingine zilikuwa 18 na kwa mwingine makadirio yalifika 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Anayefunga jambo jipya kwenye jambo la siku zote huwa na pa kulishika, na hapo sisi tuna nguzo tano zilizokwisha simama, yaani sala tano za kila siku. Kwa mfano: matembezi baada ya Alfajiri, maji glasi mbili baada ya Adhuhuri, duru za baraza baada ya Alasiri, jiko kufungwa baada ya Isha. Anza na moja. Ya pili ingoje hadi ya kwanza haihitaji kukumbushwa.

Nimekula hovyo siku zote nne za sikukuu ya Idi. Nianzie wapi?

Mlo unaofuata. Usifunge kwa adhabu wala usikimbie saa mbili. Ukifanya hivyo, njaa ya jioni itakurudisha kwenye biriani iliyolazwa. Gawa vyakula vitamu vilivyobaki kwa majirani na watoto siku hiyohiyo, kwa sababu kilichopo ndani ya nyumba huliwa. Kula mchicha, samaki na wali mweupe mchana, tembea baada ya Alasiri kama kawaida, na rudisha chai kwenye kijiko ulichofikia. Mizani isikanyagwe siku ya kwanza baada ya sikukuu, wakati mwili umejaa chumvi na maji ya pilau. Ngoja hadi Ijumaa ya pili, na namba utakayoiona hapo ndiyo ya kuiandika.